Mngoni wa Somanga na Basi la Gulamali

Redio ilipotangaza habari mbaya, wenye huruma walisikitika. Fakihi wa Somanga aliagiza chapati ya pili.

Alikuwa amekaa mgahawani mjini Lindi, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, hana kazi wala haitafuti. Redio ilisema mabasi yote mapya ya pua bapa yasimamishwe na kurudishwa Dar es Salaam, kwa sababu mpira wa mafuta hupasuka na kuyamwaga juu ya injini ikiwa ya moto. Mawili yalikwisha kuteketea huko bara.

"Maskini Gulamali," akasema muuza chai. "Lake hata mwaka halijamaliza."

"Maskini kweli," akasema Fakihi, macho yakimng'aa kama paka aliyesikia samaki akiparwa magamba.

Tumtendee haki. Fakihi hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Fakihi alifunguliwa, akavutiwa kiti na kupewa maji ya kunywa. Alikuwa na suti ya kaki ya mifuko minne, mkoba mweusi wenye kitana na spana ndani yake, na kitambi ambacho katika nchi ya maduka matupu kilitosha kuwa kitambulisho. Tena kule Somanga alimjua fundi asiyeuliza maswali, awezaye kulichinja basi zima likaisha kama mbuzi wa Idi: tairi huku, injini kule, viti kwa mwenye hoteli. Na tairi siku hizo zilikuwa adimu kuliko mkwe mpole.

Chai haijapoa, yeye yuko dukani kwa Gulamali.

"Natoka Dar es Salaam, mzee. Nimekuja kwa habari ya basi."

Gulamali alikuwa amesikia redio, na tangu hapo hakumeza kitu. "Basi?" akasema. "Basi mimi sina, ndugu."

Nje honi ikalia.

"Na lile?"

"Lile? Lile la mgeni tu, limepumzika kidogo."

"Jina lako limeandikwa ubavuni, mzee. Kwa rangi nyekundu."

Gulamali akaketi juu ya gunia la chumvi. Hapo Fakihi akashusha sauti, maana mjanja hapigi kelele. Kelele ni za wauza dagaa.

"Nisikilize kama mwanao. Wenye kuficha watarudishiwa mabasi yao yametiwa kiraka. Lakini atakayetoa lake kwa hiari, wa mwanzo mkoa mzima, anapewa jipya. Lina feni ndani."

"Feni?"

"Feni nne. Na redio."

Shirinbai, mke wa Gulamali, akainua kichwa nyuma ya kaunta. "Sukari hakuna nchi nzima, hizo feni zitatoka wapi?"

"Nyamaza, mama! Ndugu, hizo feni zinazunguka zote kwa pamoja?"

Haikuchukua muda. Gulamali alitoa funguo, kisha akaongeza jora la kitambaa na saa ya mkononi kwa ajili ya bwana mkubwa wa huko Dar, ili feni ziwe sita. Fakihi aliivaa saa ile palepale, asije akaisahau.

Kazi ikabaki moja: kuwashusha abiria. Basi lilikuwa limejaa watu wa Rutamba wakirudi kwao. Dereva wao, Tomaso, mwembamba mwenye maneno machache kama mwenye jino bovu, alimpisha Fakihi kwenye usukani bila kubisha, akaenda kuketi nyuma.

"Ndugu wananchi, teremkeni! Basi hili linarudishwa kwa usalama wenu!"

Hakuna aliyenyanyua hata kikapu. Kiti cha mbele alikaa Bi Mwanasha, bibi wa Kimwera mwenye kuku watatu mapajani. Alimtazama Fakihi toka viatu hadi kofia.

"Shikamoo, bibi," akasema Fakihi.

"Marahaba. Mjukuu wangu, wewe kabila gani?"

Swali dogo, lakini lilimchoma. Angesema yeye ni Mmatumbi wa Somanga, kabla ya adhuhuri wangeshamjua hadi shangazi yake. Akaamua kujirusha mbali, ambako hakuna wa kumfuata.

"Mngoni, bibi. Kwetu Songea."

Bi Mwanasha akawaachia kuku, akapiga kigelegele.

"Mngoni! Mtani wangu! Babu yako alimkimbiza babu yangu mpaka akaacha ugali jikoni! Ugali wetu uko wapi?"

Na papo hapo akamvua kofia, akaivaa.

Kila mtu pande zile anajua sheria ya utani. Wangoni na Wamwera walipigana zamani, na vita vilipokwisha wakabaki watani. Mtani akikuchukulia chako, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Fakihi akacheka. Bibi akamvua saa. Fakihi akacheka zaidi, ingawa meno yalikuwa yanamuuma. Jora likapita juu ya vichwa likaenda kukaliwa huko nyuma. Kila alilochukuliwa alilijibu kwa "He he, bibi!"

"Sasa washa gari, mtani," akasema Bi Mwanasha. "Leo ni arobaini ya kaka yangu Likwata. Nimehangaika mwezi mzima kutafuta Mngoni mwenye nafasi ya kutuchekesha, maana marehemu alipenda utani kuliko pilau. Mungu kaniletea aliyenona!"

"Lakini bibi, serikali..."

"Amekasirika?" wakauliza abiria wote kwa pamoja.

"Nani? Mimi? He he!"

Akawasha. Moyoni alijipa moyo: awafikishe Rutamba, wateremke, ageuze gari mbio hadi Somanga. Akatoka mjini akipunga mkono, na Gulamali mlangoni akampungia kwa mikono yote miwili, akiota upepo.

Walipoanza kupanda kilima cha kwanza harufu ya mafuta ikaingia puani. Fakihi akafungua dirisha. Kilima cha pili, harufu ikawa na joto. Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo tangu asubuhi halikumjia: kumbe redio husema kweli. Moshi ukachomoza chini ya miguu yake.

"Mama yangu weee!" Mwakilishi wa Dar es Salaam alikanyaga breki na kurukia kichakani, wa kwanza kati ya wote, suruali ikibaki nusu kwenye komeo la mlango.

Ni Tomaso aliyekuja mbele, akazima injini, akawashusha watu taratibu, akafunua kifuniko cha injini na kumwaga mchanga. Mpira ulikuwa umepasuka kama kinywa cha kambale. Moto ukafa kabla haujazaliwa vizuri.

"Fundi wa serikali!" akaita Bi Mwanasha. "Njoo na spana yako."

Fakihi akatoka kichakani ameshika spana kama mtu aliyeshika nyoka. Alitazama injini. Injini nayo ilimtazama.

"Mjukuu wangu," akasema bibi taratibu, "Mngoni akivuliwa kofia, anamvua mwenzake kilemba na kumtukana mpaka ukoo wa saba. Wewe umekuwa ukicheka tu kama mkwe. Tomaso, mtani, mwoneshe."

Yule dereva mkimya, Mngoni wa Peramiho miaka yote hiyo, akanyakua kofia kichwani kwa bibi, akakamata na kuku mmoja. "Ajuza wewe! Babu yako alikimbia kwa kuwa huo ugali aliupika yeye, hauliki!"

Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Fakihi peke yake hakucheka.

"Sasa chagua," akasema Bi Mwanasha akifuta machozi. "Mwizi tunampeleka polisi. Mtani hashitakiwi, lakini ana kazi msibani. Wewe nani?"

Fakihi aliiangalia barabara ya Lindi, akaziangalia ngumi za vijana wa Rutamba.

"Mngoni," akasema. "Kwetu Songea."

Siku ile arobaini ya marehemu Likwata ilifana. Mngoni mmoja mwenye kitambi, kajifunga kanga, kapakwa majivu, alipasua kuni, akachota maji, akatwanga mahindi, na kila alipopumzika alimwagiwa uji. Wajane walicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Saa na jora vilirudi kwa Shirinbai. Basi lilivutwa na lori hadi Dar, likatiwa mpira mpya. Feni hazikuja; Gulamali alinunua kipepeo cha mkono cha ukili.

Fakihi alirudi Somanga, akaanza kuuza samaki wa kukaanga kando ya barabara. Biashara ni nzuri. Ila basi la pua bapa likisimama, dirishani huchomoza kichwa cha bibi mmoja.

"Mtani! Wangoni hawajambo?"

Na mkono huingia moja kwa moja kwenye samaki mkubwa kuliko wote. Abiria wote humtazama Fakihi usoni.

"He he, bibi," anasema Fakihi. "Hawajambo."