Trela ya Muhugu na Mbuzi wa Ntheo

Jumatatu, 5 Machi 1979
Trela imekamilika! Mti mtupu, kuanzia mpini wa kuvutia hadi ubao wa taa. Chuma ni ekseli na magurudumu tu. Nani mwingine Makongeni ana trela ya muhugu? Jumamosi itabeba mbuzi wa ntheo hadi Kangundo, kwa Mzee Ndambuki, babake Koki. Bila mbuzi hao Koki si wangu, hata tupendane vipi. Mzee amesema wazee watakaa mpaka saa nane mchana, basi. Mjomba ameniazima Pijo yake, lakini mbuzi ndani hataki, viti vimeshonwa juzi. Imebaki kuunga soketi ya taa. Kazi ndogo.

Jumanne, 6 Machi
Giza! Nyaya zote nimezifunga rangi kwa rangi, hakuna taa hata moja iliyowaka. Muturi, jirani anayetengeneza redio, akaja kuchungulia bila kuitwa. Akasema waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye gari, nimeufunga kwenye mti, na mti haupitishi umeme. Nikamwambia huu si mti wa kuni, ni muhugu. Akacheka. Mimi, Mkamba, mchongaji, nifundishwe mti!

Alhamisi, 8 Machi
Nimepiga msasa pale penye ethi. Nimepaka nta. Nimeongeza misumari. Giza lile lile. Koki alipita akitoka kazini, akauliza mbona mbuzi wasipande pikapu ya Muturi. Nikamuuliza anataka kuolewa na mimi au na pikapu. Akaitazama pikapu kwanza. Imeniuma sana.

Jumamosi, 10 Machi, asubuhi
Maajabu! Nimefunga mbuzi kwa mnyororo, ncha moja kwenye ndoano ya gari, nyingine kwenye skrubu ya ethi. Taa zote zikawaka! Muturi akasema ni mnyororo unaopitisha umeme, afadhali nivute waya hadi kwenye gari. Wivu tu. Mbuzi wangu wana baraka.

Jumamosi, jioni
Nimekwisha. Kizuizi cha polisi, barabara ya Kangundo. Afande akataka kuona taa. Mbuzi wakivuta mnyororo, zinawaka. Wakilegea, zinazimika. Afande akauliza dereva ni mimi au ni beberu. Nikambembeleza beberu avute. Akalala! Trela ikazuiwa. Mara Muturi huyo na pikapu, eti alinifuata kwa sababu moyo wake haukutulia. Akaomba awabebe mbuzi, muda bado upo. Nikakataa. Niingie kwa baba mkwe na pikapu ya mtu? Saa nane ikanikuta kando ya barabara na mbuzi watatu, nalia waziwazi, watu wa basi wananitazama.

Jumapili, 11 Machi
Koki alikuja baada ya kanisa, macho yamevimba. Wazee walingoja, wakala, wakatawanyika. Babake amesema kikao kingine ni baada ya mavuno, akipenda. Koki akanisihi, kwa upole uliotaka kuniua, nimwite Muturi aweke ule waya mmoja. Nikamwapia kwamba nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Kosa lote ni ile soketi ya dukani. Plastiki na muhugu havipatani, hata mtoto angejua. Nimeanza kuchonga soketi ya mti. Tundu la nne limetoka vizuri mno.