Ghorofa Tisa kwa Ajili ya Hisani

Idara ya Vibali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba imejitosa katika Shindano la Maofisi la Kupanda Ngazi. Kwa kila ghorofa itakayopandwa, wafadhili wangechangia ununuzi wa viti vya magurudumu. Lifti ikafungwa. Mkurugenzi peke yake akabaki na ufunguo, maana kiongozi hawezi kusimamia mazoezi akiwa amechoka.

Tatizo likawa wafanyakazi. Walifika ghorofa ya kwanza wakaulizia chai. Hapo Mkurugenzi akapata wazo ambalo, jamani tuseme ukweli, halimjii kila mtu: wananchi. Si walikuwa wakipandishwa na kushushwa siku zote? Fomu chini, sahihi ghorofa ya tisa, mwenye sahihi katoka kidogo. Akawasajili wote kuwa wanamichezo wa idara.

"Huu si usumbufu tena," aliwafafanulia wakuu wa vitengo. "Ni huduma ya afya."

Matokeo yakapaa. Nyota wa timu alikuwa mama mmoja, fundi cherehani, aliyefuatilia kiti cha magurudumu cha mama yake mzazi. Kiti kilikuwa cha msaada, kimezuiwa stoo ya idara, ghorofa ya chini, kikisubiri sahihi ya Mkurugenzi.

"Nisainie tu, baba," fundi alimwomba. "Mama yangu hajaliona jua tangu mwaka uanze."

"Njoo kesho, mama. Na hizo mbio zako, hongera sana."

Roho ilimuuma Mkurugenzi kidogo, lakini nani anamwachia mchezaji bora katikati ya msimu?

Wakashinda. Wafadhili wakataka nahodha wa timu, yaani Mkurugenzi mwenyewe, apande ngazi zote mbele ya kamera. Mkurugenzi akavua koti, akaliacha chini na ufunguo wa lifti mfukoni mwake, akaanza kupanda huku akipunga mkono. Ghorofa ya nne akaacha kupunga. Ya tisa aliingia kwa magoti.

"Kile kiti cha stoo," akahema. "Kileteni."

"Hakitoki bila sahihi yako, bosi," akasema mtunza stoo, aliyekuwa amepanda kushangilia.

Fundi, aliyekuwa amefika kitambo, akamnyooshea karatasi yake ya maombi ya kiti na kalamu. Mkurugenzi akasaini bila kusoma. Fundi akapokea ufunguo wa stoo kwa mtunza stoo, akashuka ngazi kama anafukuzwa.

Mkurugenzi akasubiri. Akasubiri tena. Mwisho akajikokota hadi dirishani, akamwona fundi anatoka getini mbio, anasukuma kiti kitupu, anacheka peke yake.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe jaza maombi, bosi," akasema mtunza stoo. "Fomu zinatolewa chini."