Mzee Niliyekunywa Chai Kwake Cherangani

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena ndani ya ukumbi wa kanisa. Nimefika nyumbani Yamumbi sasa hivi na hata viatu sijavua. Acha niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Sisi ni kikundi cha wapiga picha sita hapa Eldoret. Tunaishi kwa picha za paspoti, harusi na matanga (matanga ndiyo yananilisha, Mungu anisamehe). Aliyetufundisha kazi ni Mwalimu Wafula. Jicho lake la kushoto lilizimika mwaka jana. La kulia linafuata, na daktari amemwambia kufika Krismasi huenda asione kitu. Mwalimu hakulia. Alisema tu anataka kuwapiga picha mbega wa msitu wa Cherangani mara moja, akiwa bado anaweza kuwaona.

Basi tukapanga safari. Tuliamua iwe wakati watu wanavuna mahindi, mvua ikiwa imepungua. Mimi ndiye katibu, kwa hivyo Jumamosi iliyopita nikatumwa nikaikague njia, nione kama mtu asiyeona vizuri anaweza kuipita. Nimtafute pia Mzee Kiptoo, mlinzi wa msitu anayejua mbega wanalala mti gani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Nilienda. (Nusu.) Nilifika Iten nikakuta ukungu, matope na baridi ya kukata masikio. Nikaingia hoteli nikaagiza chai na chapati. Nikampigia Mzee Kiptoo, simu imezimwa. Nikaagiza chapati nyingine. Saa nane nikarudi nyumbani, nikijiambia kwamba njia ni njia tu, itakuwa palepale.

Leo nilifika ukumbini mapema kupanga viti. Nikamkuta mzee mmoja mfupi ameketi kona ya nyuma, koti zito, viatu vimejaa udongo. Nikadhani amekosea siku.

"Mzee, mkutano wa wafugaji ni kesho."

"Hapana, mimi niko sawa tu hapa."

Nikammiminia chai. (Adabu ninazo. Nilichokosa ni kingine.)

Tukaomba, tukaanza. Kwetu mgeni hujitambulisha mwisho, kabla ya sala ya kufunga. Ni utaratibu wetu wa miaka yote, na sijawahi kuuchukia kama leo.

"Katibu, tupee ripoti," akasema Jerono, mwenyekiti wetu.

Ningeweza kusema ukweli. Lakini Mwalimu alikuwa mbele kabisa, ameelekeza uso kwangu na anatabasamu, nikashindwa kumvunja moyo. Nikasema njia ni safi. Nikasema daraja la mbao liko imara, nimelipita mara mbili. Mwalimu akapiga makofi peke yake, na yale makofi yakanilevya.

"Na Mzee Kiptoo ulimpata?"

"Aah, Mzee Kiptoo! Jitu refu hivi, lakini mpole! Tulikunywa chai kwake. Mke wake akanipea mursik, yale maziwa ya kibuyu, nikashindwa kumaliza!"

Kule nyuma mzee akakohoa. Nikafikiri chai imempalia.

"Alisema aje?"

"Alisema tukuje tu, mbega wanatungoja."

Nikamalizia kwa kumpa Mzee Kiptoo wajukuu saba. Sijui kwa nini. Hakuna aliyeniuliza habari za wajukuu!

Wakanipigia makofi. Tarehe ya safari ikapita bila mtu kupinga.

"Kabla tufunge," akasema Jerono, "naona tuko na mgeni huko nyuma. Mzee, simama utuambie jina."

Mzee akasimama. Hakukuwa na tofauti kubwa na alipokuwa ameketi.

"Mimi naitwa Kiptoo. Natoka huko juu Cherangani."

Jamani! Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha.

"Huyu msichana nimemuona leo," akaendelea polepole, bila hasira, na hapo ndipo aliponimaliza. "Chai amenipea, ni kweli, lakini ni hii ya hapa. Bibi yangu alikufa, sasa ni miaka tatu. Na hiyo daraja ilibebwa na maji mwezi wa nne. Imebaki mbao mbili, na chini ni mawe. Simu yangu iliharibika. Mama mmoja wa kuuza viazi sokoni akaniambia mnataka kukuja, na leo mnakutana hapa, nikasema wacha niende niwaambie msipite huko."

Mimi nilimwona Mwalimu pale darajani, amenishika mkono, anaweka mguu mahali nilipomwambia aweke. Nikataka kuketi. Kiti nilikuwa nimekisukuma nyuma niliposimama kwa mbwembwe. Nikaketi sakafuni, puu!

Mwalimu akageuza shingo huku na huku akinitafuta.

"Akinyi, uko wapi?"

"Niko hapa chini, Mwalimu."

"Mimi macho inaniacha juu ya ugonjwa. Wewe yako ilikuwa na shida gani, ukashindwa kuenda kuangalia?"

Nililia mbele ya watu wote. Nikamwomba msamaha, kisha nikamwambia Mzee Kiptoo pole kwa mke wake, yule niliyemfufua ili anipe mursik.

"Kuna njia ingine," akasema Mzee. "Inazunguka, ni refu, lakini haina mto. Kesho utaipita na mimi mpaka mwisho. Kuja na gambuti."

Jerono akaagiza yote yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Sasa, mwandishi wa kumbukumbu ni nani? Ni katibu. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Katibu alidanganya." Wakazisoma, wakazithibitisha, nikatia sahihi.

Baadaye nikampeleka Mwalimu nyumbani kama kawaida. Ukumbi ule una ngazi tatu tu. Siku zote mimi husema "shuka", naye hushuka. Leo alinishika mkono vilevile, lakini kila ngazi aliipapasa kwanza kwa mguu kabla ya kuikanyaga.

Kwa hivyo naomba msinicheke leo. Nichekeni siku nitakayosema "shuka", naye ashuke.