Malalamiko Dhidi ya Daktari Aliyeidharau Chupa Yangu

Tooting, London
Novemba 1973

Mheshimiwa Daktari Pravin,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ni mzaliwa wa Mombasa, nami nilikuwa mwandishi wa maombi ya watu nje ya mahakama ya Tanga. Kiingereza nakuachia wewe, pamoja na majivuno yake.

Nilikubali kwa hiari kuingia katika utafiti wako wa dawa ya kutanua mishipa ya damu, ili ijulikane kama itazisaidia figo za mtu ambaye njia yake ya mkojo imezibwa na jiwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi alinipa chupa kubwa ya kukusanyia mkojo nyumbani, akaagiza kila kitakachoshuka kiingie humo. Nilitii. Jana nilipoileta imejaa hadi shingoni, ulisema mbele ya wagonjwa: "Mzee, hii umeijaza wewe au mvua?" Kisha ukawatafsiria Waingereza, ili nao wasikose kicheko.

2. Unadai dawa hutanua mishipa ya damu tu, wala hailigusi jiwe. Huo ni unyonge wa fikra. Kinachotanua mfereji mdogo kitashindwaje na mkubwa? Uliinua chupa kwenye taa kama mkaguzi wa mafuta ya taa, ukauliza ni mkojo gani huu usio na rangi. Nakujibu: ni mkojo uliotibiwa.

3. Hata hivyo wataka kunipasua Jumatatu. Wengine hupasuliwa kwa kuwa dawa imeshindwa. Mimi napasuliwa kwa kuwa imefaulu kuliko ulivyotarajia mwenyewe. Huo ni wivu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu upasuaji ufutwe, kitanda changu apewe Mwingereza, na ripoti ya utafiti itangulize jina langu kabla ya lako.

Wasalimu wauguzi wote, na mama yako, ambaye sina shaka alikufunza adabu ukiwa umelala.

Ni mimi, mwenye haki,
Alnashir Kassam Virji

Nyongeza: Mke wangu Nurjehan ameisoma barua hii, akaniuliza kama maji ya kopo ninayostanjia kila nimalizapo haja, ambayo kwa kutii agizo nimekuwa nikiyakinga humo humo chupani, nayo ni mkojo. Nilimjibu kwamba agizo ni agizo. Lakini tangu jana jioni kinachoingia katika chupa mpya mliyonipa ni cha kopo peke yake. Barua nimeileta mwenyewe. Niko kwenye benchi la mapokezi, siwezi kunyooka. Kitanda asipewe Mwingereza.