Tikiti ya Zambarau

Jumatatu, 6 Machi 1995

Leo nimeona tikiti ya zambarau! Kwa macho yangu mawili! Ilikuwa imefunga ugoro.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi hukusanya tikiti za nauli nafuu za basi, zile walizokuwa wakikatiwa wazee na walemavu enzi za kampuni ya Nyota ya Mashariki, kabla haijafa. Zilikuwa za rangi saba. Ninazo sita. Ya saba, zambarau, ya abiria wa magongo, nimeitafuta miaka kumi na mmoja. Nimeuliza madereva. Nimeuliza wajane wa madereva. Wapi!

Leo naenda sokoni Shauri Moyo kununua sukuma, namwona Mzee Nzivo, muuza ugoro, yule anayetembea kwa magongo mawili. Anamfungia mteja ugoro kwa kikaratasi. Zambarau! Mteja akamimina ugoro kwenye kikopo chake, akatupa karatasi mtaroni. Nikaikimbilia, nikapiga magoti. Maji yakaichukua. Sukuma nimesahau.

Mke wangu Mutheu ametoa hukumu. Jumamosi kuna maonyesho ya vitu vya kale katika ukumbi wa mtaa, na mshindi anapewa kabati la vioo. Nikishinda, tikiti zihamie humo. Nisiposhinda, mikebe yangu ya tikiti itoke kabatini mwake, kanzu za kwaya ziingie, na tikiti ziwashie jiko. Ameapa mbele ya mama yake. Mutheu akiapa mbele ya mama yake, basi, kwisha.

Bila zambarau sishindi. Mbugua, fundi viatu wa Kariokor, naye ataonyesha. Yeye hukusanya tikiti za nauli kamili. Huniita Bwana Nusu. Mtu wa kuudhi sana!

Jumanne, 7 Machi

Nimeamua kutomwambia Mzee Nzivo ninachotaka. Akijua, si atazificha? Nitajifanya mnusa ugoro. Nitanunua mpaka zambarau itoke.

Sikujua pale pana adabu zake. Huwezi kununua ugoro ukaondoka hivi hivi. Unakaa kwenye benchi, unanusa mbele ya mzee, naye ananusa, mnaulizana habari za nyumbani. Nimenunua mara tatu. Nimekaa mara tatu. Nimepiga chafya kumi na nane!

Karatasi anazichomoa guniani bila kuangalia. Ya kwanza, gazeti. Ya pili, kipande cha mfuko wa saruji. Ya tatu, kalenda. Mteja aliyenifuata akapewa zambarau, akawashia sigara! Karibu nimrukie.

Mzee alinisimulia kisa kirefu cha basi na mvua na utingo fulani. Sikusikiliza. Nilikuwa nalilinda gunia kwa macho.

Kazini Gikomba (mimi ni karani kwenye duka la mbao) nilipiga chafya juu ya kitabu cha mizigo. Mwajiri akaniambia niende nyumbani na homa yangu.

Jumatano, 8 Machi

Mpango mpya. Gongo! Mzee akiniona nami nachechemea, atanihurumia na kunichagulia tikiti ya watu wa magongo. Akili kama hii mtu huzaliwa nayo.

Nimeazima gongo moja kwa jirani. Nikaingia sokoni nikiburuta mguu wa kushoto, gongo chini ya kwapa la kushoto. Mzee Nzivo akaniangalia mguu hadi kwapa. Kisha akasema kwa upole kwamba gongo likiwa moja hushikwa upande wa mguu mzima. Akaongeza kuwa juzi aliniona nikikimbiza karatasi mtaroni kwa miguu yote miwili.

Nikasema ugonjwa umeanza alfajiri. Akasema pole mwanangu. Akasimama, akalipima gongo, akaanza kunifundisha. Saa nzima! Huku na huku, mbele ya soko zima! Nisilalie kwapa, nikaze kiganja. Nisitazame chini. Wachuuzi wakawa wanahesabu hatua kwa sauti. Mwishowe akanipa ugoro wa bure kwa juhudi zangu. Umefungwa kwa gazeti. Ukurasa wa mpira.

Na kuna balaa. Mama Khalayi, mwenyekiti wa maombi kanisani kwetu, aliniona. Alilia palepale kando ya mafungu ya nyanya.

Alhamisi, 9 Machi

Kina mama kumi na wawili wamevamia nyumba, na chupa za uji na mandazi. Wameuombea mguu wangu. Mama Khalayi aliukanda kwa mafuta mpaka nikaogopa utaumia kweli. Ningesemaje? Walishalia tayari!

Nikaona njia moja tu: kupona. Nikainuka. Nikapiga hatua mbili. Vigelegele! Mtaa mzima ulitoka. Nimetakiwa kutoa ushuhuda Jumapili.

Mutheu alifika katikati ya vigelegele. Aliingia jikoni, nikasikia sufuria zikiongea. Wageni walipoondoka akaniambia, Baba Ndunge, kiberiti nimeshanunua.

Ijumaa, 10 Machi

Siku ya mwisho. Nimekata madaftari matatu kuwa vikaratasi safi. Mpango: mzee akienda kula, nimimine vyangu guniani, nichukue vyake. Si wizi. Ni kubadilishana, ila mwenzako hayupo.

Nikafika. Benchi tupu! Gunia halipo, mzee hayupo! Muuza nyanya akasema Mbugua alikuja na mkokoteni, akampakia mzee pamoja na gunia lake, wakaenda wakicheka.

Mbugua! Nyoka! Nauli kamili zote alizonazo, bado anataka na zambarau yangu!

Nimerudi nyumbani nikafungua mikebe. Nimeziangalia moja moja. Ya waridi ya wazee, niliyoipata ndani ya Biblia ya marehemu mjomba. Ya kijani, niliyoibadilisha kwa saa yangu ya mkono. Nimelia kidogo. Nani atajua? Hii ni shajara yangu.

Jumamosi, 11 Machi

Nilipanga mikebe yangu ukumbini, rangi sita na pengo moja. Kisha nikatazama meza ya Mbugua. Tikiti zake hazikuwepo hata moja. Alikuwa amempa Mzee Nzivo meza yake! Juu yake, tikiti za zambarau, mamia, zimeshonwa kwenye ngozi kwa uzi wa viatu, mwaka kwa mwaka. Mbugua alisema aliziona zile tikiti Alhamisi alipoenda kununua ugoro, akamwuliza mzee ni za nini. Basi. Aliuliza tu.

Mzee akasimulia. Safari hii nilisikiliza. Kabla ya nauli nafuu kuanza, utingo mmoja alimshusha Eastleigh mvua ikinyesha, akisema kiwete asiye na nauli kamili ni mzigo, na mizigo hupanda juu. Akatembea kwenye matope hadi Shauri Moyo kwa magongo. Tikiti hizi zilipotoka, akaweka kila moja kwa miaka kumi na miwili, ili asitokee mtu wa kumwambia hakulipa. Kampuni ilipokufa hakukuwa na wa kuonyeshwa tena. Akaanza kufungia ugoro.

Niliona haya. Nasema kweli, niliona haya hata kuitazama meza yake.

Kabati akapewa yeye. Mutheu akatia mkono kwenye pochi, nikajua anatafuta kile kiberiti. Ndipo mzee akacheka, akasema kabati hilo ni kubwa kuliko chumba chake, libaki hapa ukumbini. Akauliza yuko wapi yule mwanafunzi wake wa gongo, alete rangi zake sita zikae pamoja na zambarau yake. Na jina langu liandikwe chini ya lake!

Akanipa na ya kwangu ya kuweka nyumbani. Mkononi! Zambarau! Akasema ningemwomba Jumatatu, angenipa Jumatatu.

Mutheu amefuta machozi kwa kanzu ya kwaya. Hata Mbugua nimempa mkono. Jioni nzima nimekuwa nikiimba.

Jumapili, 12 Machi

Ushuhuda nimetoa. Nilisema nimejifunza kutembea upya. Si uongo. Kanisa lilishangilia.

Halafu Mbugua akanipitia nyumbani na habari ya kunitoa usingizi. Kumbe kulikuwa na tikiti ya nane! Nyeupe, imekatwa pembe, ya abiria vipofu! Shangazi yake, Mama Waruguru, anayeuza vitambaa Eastleigh, anazo kwenye kikapu. Amesema ni mama mkarimu, niende tu nimsalimie nimwombe.

Nimwombe! Huyu Mbugua hana mbinu hata moja.

Miwani myeusi nimeazima kwa Jimale wa duka. Nimefanya mazoezi tangu saa nane, macho yamefungwa, kutoka kitandani hadi mlangoni. Mutheu ameuliza kwa nini napapasa ukuta. Nimemwambia asijali. Mlango nimeugonga mara mbili tu. Naendelea vizuri sana.