Malalamiko Kuhusu Moshi Wetu Ulioondoka na Suti Yako

Ndugu Afisa wa Mazingira,

Pokea salamu, wewe na suti yako. Anayekuandikia ndiye kijana pekee mtaani aliyewahi kuukamata moshi, akaufunga, ukatulia. Shule niliiacha mapema, kabla haijaanza kunionea wivu.

Jumatatu ulifunga tanuri la mikate la shangazi yangu, naye hana kazi nyingine. Nalalamika hivi:

1. Umetuita wachafuzi, kumbe sisi ni wataalamu. Redioni walieleza kwamba makaa ya mawe yakibaniwa hewa hugeuka gesi, gesi inaungua safi, na kaboni inanaswa na kuzikwa ardhini. Wenzetu hujenga mtambo mkubwa kama uwanja wa mpira. Mimi nilitumia pipa, mvukuto na mipira ya ndani ya matairi ya lori, nikaujaza moshi humo.

2. Ulilikodolea macho bomba la tanuri mpaka shingo ikakuuma. Hukuona hata uzi wa moshi. Bado ukaandika kuna moshi.

3. Nani alikutuma ukalie ghala letu la kaboni? Ule ni mpira wa moshi, si kochi. Shangazi alikupa kigoda, ukasema kitakuchafua. Mpira ulipopasuka, mchafuzi ukawa wewe, tena ukiwa kazini.

4. Uliondoka na kaboni yetu kwenye suti, nyusi na masikio, bila idhini. Usiifue suti hiyo. Ikunje, uizike, tutakuja kukagua. Wewe mwenyewe si lazima uzikwe. Pita tu hapa ukohoe ndani ya mpira mpya.

Kwa hiyo tunaomba tanuri lifunguliwe, na barua ya kuomba radhi ibandikwe mlangoni.

Nisalimie karani wako aliyejificha acheke, dereva aliyekupakia nyuma ya gari, na mama watoto, ambaye najua alikuuliza maswali.

Wako katika hewa safi,
Mkamata Moshi

N.B. Shangazi amesoma haya akiwa nyuma ya bega langu, na amesema sili mpaka niongeze ukweli. Bomba halikuwa na moshi kwa sababu siku ile tanuri halikuwashwa. Uliokurukia ni moshi wa majaribio ya jana yake. Aliniambia nifunike pipa, moto ukose hewa. Mimi nikawa nafunua kila mara nione gesi imefika wapi, kama mpishi mwenye njaa. Haikutoka hata ya kuchemshia chai. Kosa ni la mkono wangu, si la tanuri lake. Mfungulie, tafadhali. Pipa ameshalifunika, na mfuniko ameukalia yeye mwenyewe.