Msimamizi Aonekane Pichani

Inatangazwa kwa kina mama wote wa Handeni na Korogwe kwamba, kuanzia Jumatatu, ni marufuku mwanamke kupigwa picha akifanya kazi bila msimamizi wake kuonekana.

Tangazo lilitoka kwa Bwana Hiza, Afisa Usimamizi wa Kazi za Wanawake, na lilikuwa la busara tupu. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kamati ya kupunguza ilishakuwa njiani. Wakati huohuo akaja Yuditha, binti mwenye kamera, kupiga picha za wanawake kazini ili, alivyosema, kazi yao ionekane. Hiza akaamua na yake ionekane humohumo. Mimi nilikuwa kibarua wa kubeba mikoba, kwa hiyo utekelezaji niliushuhudia.

Kijijini Kwedizinga tulimkuta Mwatumu analima. Hiza akasimama pembeni, mkono kiunoni.

"Ngoja, mama. Tai imepinda."

Mwatumu akangoja, jembe hewani. "Baba, wingu lile unaliona?"

"Naliona. Lisiingie kwenye picha."

Kwa wafugaji, ambako nyumba hujengwa na mwanamke, Naisenya alikuwa anakandika yake kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Hiza akaunyooshea ukuta kidole.

"Unaonyesha nini?" Yuditha akauliza.

"Naelekeza."

"Umewahi kujenga ya namna hii?"

"Ningekuwa najenga, nani angeelekeza?"

"Dada," Naisenya akasema, "mwambie mzee asiegemee. Bado mbichi."

Alikuwa ameshaegemea.

Kamati ilipofika Korogwe, Hiza alizibandika picha ukumbini kwa mkono wake, akawaita na kina mama wawe mashahidi. Kila picha mwanamke mwingine, kazi nyingine, Hiza yuleyule.

Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, akazipitia bila haraka. "Huyu bwana anafanya nini hapa?"

"Nasimamia, mheshimiwa."

"Na hapa?"

"Vilevile."

Akamgeukia Naisenya. "Akiwa hayupo, mama, kazi inakwendaje?"

Naisenya akafikiri, asije akamwonea mtu. "Inaisha mapema."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akauliza kwa upole kabisa: "Bwana Hiza, una shamba?"

"Ninalo, kule Mpale."

"Analima nani?"

"Mke wangu, mheshimiwa."

"Vizuri," akasema, akivua miwani. "Kuanzia mwezi ujao utamsimamia huyo."